Fahali Wawili Hawakai Zizi Moja: Jinsi Treni Zinavyozuiwa Zisigongane

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Waliosema hivyo hawakuwa wameona treni. Lakini kama wangeishi hapa Voi, wakasikia honi ikilia usiku upande wa Sagalla, nadhani wangeongeza kwamba treni mbili nazo hazikai kipande kimoja cha reli. Makala hii inaeleza ni nani, au ni kitu gani, kinachohakikisha kwamba hazikai.

Nimeandika kwa sababu ya ubishi ulionishinda. Muhula uliopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, rika letu kabisa, alinijia jioni na gunia. Ndani mlikuwa na waya wa shaba uliokunjwakunjwa. Alitaka nimsindikize kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipomuuliza ameutoa wapi, alisema ameuokota kando ya reli. Nikakataa. Basi akacheka akaniambia, "Si wewe mwenyewe uliyeniambia juzi kwamba waya ukikatika taa inakuwa nyekundu yenyewe? Treni itasimama tu. Sasa nani ameumia?"

Jamani, nilinyamaza kimya. Ni kweli nilikuwa nimemwambia hivyo, nikijigamba na Fizikia yangu. Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ninalo leo, lakini ili ulielewe, sharti nianze mbali kidogo.

Kwanza tufahamu reli zetu. Reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Ikapita hapa Voi, ikafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Tawi la kwenda Taveta kupitia Mwatate na Maktau lilianza kujengwa mwaka wa 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ili kupeleka askari na mizigo mpakani. Mwaka wa 2017 ikafunguliwa reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, na Voi ikapata stesheni ya pili. Reli hizi zote zina tabia moja: ni za njia moja. Treni inayotoka Mombasa na ile inayotoka Nairobi hutumia fito zilezile, na hupishana tu mahali penye njia ya pembeni.

Hapa naomba nirekebishe kosa moja. Mwenzetu mmoja darasani alisema ati Voi tuna monoreli, kwa kuwa njia ni moja tu! Tulicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Monoreli ni kitu kingine kabisa: ni treni inayokalia au kuning'inia kwenye boriti moja badala ya fito mbili. Iko mjini Wuppertal, Ujerumani, tangu mwaka wa 1901, na iko Tokyo, Japani, tangu mwaka wa 1964. Nitairudia baadaye, kwa sababu nayo ina fundisho lake.

Swali la pili: kwani dereva hana macho? Si akiona treni mbele ashike breki? Hebu tupige hesabu, maana somo la mwendo tumelisoma mwaka huu. Umbali wa kusimama ni mraba wa kasi, gawanya kwa mara mbili ya kiwango cha kupunguza kasi. Tuchukue treni ya abiria inayokwenda kilomita 120 kwa saa, yaani mita 33.3 kwa sekunde. Tuseme breki zake zinapunguza mita 0.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Mraba wa 33.3 ni kama 1,110, na mara mbili ya 0.5 ni 1. Kwa hivyo treni hiyo itasimama baada ya mita 1,110. Kilomita nzima na zaidi! Gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu, likiwa na kasi ya kilomita 80 kwa saa, husimama kwa mita kama 40 tangu breki ziliposhika.

Sababu ni kwamba gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma. Ni laini, halishiki kama mpira kwenye lami. Ndiyo maana injini moja inaweza kuvuta mabehewa mengi bila kuchoka, na ndiyo maana pia haiwezi kusimama ghafla. Uzuri una gharama yake. Sasa fikiria usiku, au kwenye kona, au siku ya mvua. Dereva akiiona treni nyingine kwa macho yake, amekwisha chelewa. Na kama zote mbili zinaelekeana, kila moja inahitaji kilomita yake. Kwa hiyo treni haiwezi kuendeshwa kwa macho kama matatu. Lazima dereva aambiwe habari za mbele kabla hajafika mbele.

Zamani walijaribu kutumia saa. Treni moja ikiondoka, walisubiri dakika kadhaa wakaachilia nyingine. Ubaya wa saa ni kwamba inajua wakati treni ilipoondoka tu, haijui kama imekwama njiani. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh, Ireland, treni iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao waliokuwa wakienda matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata vipande viwili ili wavute kipande kwa kipande. Mabehewa ya nyuma yakateleza kurudi chini na kugonga treni iliyokuwa ikifuata. Watu wapatao 80 walikufa, wengi wao watoto. Mwaka uo huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria yenye mambo mawili makubwa. La kwanza, treni za abiria zitenganishwe kwa nafasi, si kwa saa. La pili, ziwe na breki zinazojifunga zenyewe treni ikikatika.

Kutenganisha kwa nafasi maana yake ni hii. Njia nzima inagawanywa vipande vipande, na kila kipande kina mlango wake, yaani ishara. Kanuni ni moja na haina mchezo: kipande kimoja, treni moja. Treni ya pili hairuhusiwi kuingia mpaka ithibitishwe kwamba ya kwanza imetoka, tena imetoka yote mpaka behewa la mwisho. Angalia sana neno hilo "ithibitishwe". Haitoshi kwamba hakuna aliyeleta habari mbaya. Lazima kuwe na habari njema. Pasipo na habari, mlango unabaki umefungwa.

Je, habari hiyo njema inaletwaje? Nilikwenda kwa mzee mmoja jirani yetu ambaye alikuwa pointimeni zamani za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Nikamwamkia, akanikaribisha chini ya mwarobaini, nami nikamweleza shida yangu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi dereva alikuwa haondoki kwa kupungiwa mkono tu. Alikuwa anaondoka na kitu mkononi." Kitu hicho kilikuwa cheti cha laini klia. Steshenimasta wa hapa anamwuliza mwenzake wa stesheni ya mbele kama njia ni tupu. Mwenzake akikubali, maneno yanaandikwa kwenye karatasi yenye namba, na karatasi inakabidhiwa dereva. Bila karatasi hiyo, hata abiria walie, treni haitoki.

Cheti ni kizuri, lakini kinategemea binadamu wawili kuelewana, na binadamu hukosea. Tarehe 10 Septemba 1874, karibu na Norwich, Uingereza, ujumbe wa telegrafu wa kuruhusu treni ulitumwa kabla ya wakati wake, kwa kutoelewana kwa watu wawili ofisini. Treni mbili zikaachiliwa kwenye njia moja zikielekeana. Walipogundua, hapakuwa na namna ya kuzirudisha. Watu 25 walikufa. Kutokana na ajali hiyo, fundi mmoja jina lake Edward Tyer alibuni mashine mbili zilizounganishwa kwa waya wa umeme, moja kila stesheni. Ilikuwa mwaka wa 1878. Ndani ya mashine hizo mna vipande vya chuma vinavyoitwa tokeni. Kipande kimoja kikitolewa upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga. Haiwezekani kutoa cha pili mpaka cha kwanza kirudishwe. Dereva sharti awe na tokeni mkononi, na tokeni ni moja tu, kwa hivyo treni ni moja tu.

Sasa fika kwenye kiini cha makala yangu. Je, waya wa mashine hizo ukikatika? Mashine inahitaji umeme ili IFUNGUKE, haihitaji umeme ili ifungwe. Waya ukikatika, hakuna tokeni itakayotoka. Treni zitachelewa, lakini hazitagongana. Huu ndio ujanja wote: kila kitu huharibika siku moja, kwa hiyo fundi hajidanganyi kwamba chake hakitaharibika. Anachofanya ni kuchagua mapema kitaharibikia upande gani. Anakielekeza kiharibikie upande wa usalama.

Mfano mzuri zaidi ni sakiti ya reli, iliyobuniwa na Mmarekani William Robinson mwaka wa 1872. Kumbuka somo la sumakuumeme. Chukua kipande cha njia, zitenganishe fito zake na za jirani ili umeme usivuke. Mwisho mmoja weka betri, umeme upite kwenye ufito mmoja, na mwisho wa pili uingie kwenye sumakuumeme, urudi kwa ufito wa pili. Sumakuumeme hiyo inanyanyua kikono kidogo cha chuma. Kikono kikiwa juu, taa ya kijani inaweza kuwaka. Kikono kikianguka, taa ni nyekundu.

Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake ni chuma kitupu. Umeme unapata njia ya mkato kutoka ufito huu hadi ule kupitia ekseli, haufiki tena kwenye sumakuumeme. Kikono kinaanguka kwa uzito wake chenyewe. Nyekundu! Treni imejitangaza yenyewe bila dereva kugusa kitu. Na kama mabehewa mawili yamekatika yakabaki nyuma, bado ekseli zake ziko pale, bado taa ni nyekundu.

Haya, tuharibu vitu. Betri ikiisha, je? Hakuna umeme, kikono kinaanguka, nyekundu. Waya ukikatwa? Nyekundu. Ufito ukivunjika vipande viwili? Mara nyingi nyekundu pia, na hapo mfumo umegundua hata hatari ambayo hukuutuma. Ubaya wowote katika hizo unasomeka kama "kuna treni". Ona pia kwamba fundi alimtumia mfanyakazi ambaye hagomi wala halali: uzito. Umeme unaweza kukatika, lakini kitu kilichonyanyuliwa kikiachwa hakikosi kuanguka.

Jambo hili halikujulikana tangu mwanzo. Januari 1876, pale Abbots Ripton, Uingereza, ishara za mikono ya mbao zilikuwa kwa kawaida zinakaa kwenye "pita". Siku hiyo theluji iliganda juu yake. Mfanyakazi alivuta wenzo kuonyesha hatari, lakini mkono uliolemewa na barafu ulibaki ukisema "pita". Treni zikagongana. Baada ya hapo wakageuza desturi: ishara ikae kwenye hatari siku zote, na iondolewe hapo kwa muda tu treni inaporuhusiwa.

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba sakiti haina dosari. Fito zikishika kutu nyingi au uchafu, magurudumu huenda yasiguse chuma vizuri, na treni isionekane. Kwa ajili hiyo reli nyingi za siku hizi zinatumia vihesabu ekseli. Kifaa kimoja kinahesabu ekseli zinazoingia, kingine zinazotoka. Zikiingia 80 zikatoka 76, kipande hakifunguliwi mpaka zile 4 zipatikane. Ni kama mama anayehesabu vifaranga jioni.

Breki nazo zinafuata kanuni iyo hiyo. Watu wengi hudhani hewa ndiyo inayosukuma breki za treni kutoka kwa dereva. Kumbe ni kinyume. Hewa iliyoshindiliwa ndani ya bomba refu la treni ndiyo inayozifanya breki ZIACHIE, huku ikijaza tangi dogo kwenye kila behewa. Hewa ya bomba ikipungua, vali inafunguka, na hewa ya tangi inasukuma breki zikabana. Kwa hiyo dereva akitaka kusimama anapunguza hewa. Na treni ikikatika katikati, bomba linapasuka, hewa inatoka fyuu, na pande zote mbili zinabana.

Lakini hata hapo mwanadamu asilale. Tangi la hewa si kisima. Breki zikitumiwa mara kwa mara bila kujazwa tena, au zikiwa hazikukaguliwa, nguvu zitakwisha. Jirani zetu wa Tanzania wanajua uchungu huo. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu karibu na Dodoma, treni ya abiria ilishindwa kujizuia mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikagonga treni ya mizigo. Watu wapatao 281 walipoteza maisha. Miaka 113 baada ya Armagh, mlima ulikuwa mwingine lakini msiba ulikuwa uleule.

Nirudi kwa monoreli kama nilivyoahidi. Nyingi hutembea kwa magurudumu ya mpira juu ya boriti ya zege, kwa hivyo hakuna chuma cha kufanyia sakiti kama yetu. Hutumia njia nyingine: nyaya zilizolazwa kwenye boriti, vifaa vya kutambua, au redio. Hata hivyo sheria ni ileile. Treni hupokea ruhusa ya kwenda, na ruhusa ikinyamaza, inasimama. Katika bustani ya Walt Disney World, Florida, Marekani, mfumo wao ulikuwa ukimwonyesha dereva taa za rangi kulingana na nafasi iliyo mbele, na alipokaribia mno treni nyingine, breki zilijifunga. Ulikuwa mfumo mzuri. Lakini usiku wa tarehe 5 Julai 2009 treni moja ilikuwa inarudishwa nyuma ili ihamie njia nyingine. Boriti ya kuhamishia haikuwa imegeuzwa, watu wakaamini imegeuzwa, na kinga ya kuzuia kugongana haikuwa ikifanya kazi katika mwendo ule wa kurudi nyuma. Treni ikarudi kwenye njia ileile ikagonga nyingine. Dereva mmoja kijana alikufa.

Naam, sasa nimefika kwa yule kijana wa gunia. Aliuliza, waya ukikatika na taa ikawa nyekundu, nani ameumia?

Jibu langu ni hili. Saa ya kwanza, hakuna. Mfumo umefanya kazi yake, treni zimesimama. Lakini treni haziwezi kusimama milele. Kuna abiria, wamo wagonjwa, kuna mizigo. Kwa hiyo baada ya muda watu watafanya nini? Wataanza kuzipitisha treni kwenye taa nyekundu kwa simu na karatasi. Watarudi kule kule Norwich mwaka wa 1874: binadamu wawili, mmoja kila upande, wakitumaini kwamba wameelewana. Ile zana iliyokuwa haisahau imeondoka, amebaki mtu aliyechoka, pengine saa tisa usiku. Angalia Florida: mfumo haukushindwa, ulikuwa pembeni. Hatari haikuwa katika kusimama. Hatari iko katika kuanza kutembea tena bila kinga.

Kwa hiyo anayekata waya haigongi treni, hilo ni kweli. Anachofanya ni kuivua treni nguo moja kati ya mbili, kisha anasema mbona hajafa kwa baridi. Na shaba ile inauzwa kwa kilo kama mabati ya kuku.

Nilimweleza hayo yote juzi tukiwa tumekaa nje ya duka. Nilimchorea betri, fito na kikono kwa kijiti mchangani. Mwanzoni alibisha kama kawaida yake. Kisha akakaa kimya akaniuliza, "Hiyo saa ya kutumia simu, wanajuaje kama yule mwingine amesikia vizuri?" Nikamjibu anatakiwa kurudia maneno yote aliyoambiwa, neno kwa neno. Akasema, "Na akirudia bila kusikiliza?" Sikumjibu, kwa maana alikuwa amekwisha jijibu. Mama yake husafiri na treni kila mwezi kwenda Mombasa kuchukua mitumba.

Wenzangu, sisi wa Voi tunaishi na reli mlangoni. Wengine tunaikatiza kila asubuhi tukija shule. Nawaomba mambo matatu. Msiweke mawe wala vyuma juu ya fito. Mkiona waya umekatika au kisanduku kimefunguliwa kando ya njia, semeni kwa mwalimu, kwa chifu au pale stesheni, msipite tu. Na siku mkisafiri treni ikasimama porini Tsavo bila sababu mnayoiona, msiwe wepesi wa kulaani. Pengine kikono kidogo cha chuma kimeanguka mahali fulani, kinasema zizi lina fahali, subirini. Kawia ufike, wahenga walisema, na kwa treni hakuna methali iliyo kweli kuliko hiyo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu